Namna ya Kuuharibu Uso Kabla ya Harusi

Huu ni mwongozo wa kuharibu uso. Umeandikwa kwa ajili ya bibi harusi aliyebakiza mwezi mmoja, mwenye chunusi chache shavuni na shoga anayelijua duka. Unamfaa pia kijana anayenyoa ndevu mpaka ngozi ing'ae, na mama anayempaka mwanawe tyubu aliyoazima kwa jirani. Hatua zake zimepitiwa na watu wengi, Kariakoo na Mombasa, Kigali na Goma, na kila moja hufanya kazi yake sawasawa: huharibu. Asiyetaka kuharibikiwa azifuate kinyumenyume, nami nitamwonyesha kinyume chenyewe. Kejeli iko kwenye maagizo tu. Dawa nitakazozitaja, miaka na madhara yake ni kweli, na aliyekwisha kujichubua simcheki. Nimemwandikia yeye kabla ya mwingine yeyote.

Hatua ya kwanza: amini kwamba chunusi ni uchafu

Anza kwa kusugua. Chukua dodoki gumu na sabuni ya kufulia, usugue mara tatu kwa siku mpaka uso uwake moto. Kamua kila kipele kwa kucha. Paka dawa ya meno, juu yake kamulia ndimu, kisha toka ukasimame juani kungoja daladala. Maji ya ndimu yana kemikali ambayo jua likiipiga huiunguza ngozi, na alama ya kahawia inayobaki hukaa wiki nyingi ikiwa na umbo lilelile la michirizi ya maji yaliyoteremka shavuni.

Chunusi huanzia ndani ya kitundu cha unywele, mahali ambapo dodoki halifiki. Homoni huongeza mafuta, chembe za ngozi zilizokufa hugandamana na kuziba mlango, bakteria wanaoishi humo siku zote hupata nafasi ya kuzaana, na mwili hujibu kwa uvimbe. Kusugua huongeza uvimbe huo. Na kwenye ngozi nyeusi uvimbe hulipwa mara mbili: kwanza kipele, halafu doa jeusi linalobaki miezi kadhaa baada ya kipele kupona. Wengi wanaolalamika kuwa wana madoa wana chunusi zilizokamuliwa, basi. Wakiacha kukamua na kutibu chunusi, madoa mapya hayazaliwi, na yale ya zamani hufifia taratibu.

Kinyume cha hatua hii kinapatikana famasia. Benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ile ya asilimia 10, na huwasha kwa kiasi kidogo kuliko hiyo. Ila hula rangi ya taulo na foronya, kwa hiyo tumia nyeupe. Adapalini hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, lakini mjamzito asiiguse. Chunusi nzito, zile za vinundu vinavyouma na kuacha mashimo, zinataka daktari mapema, maana shimo likishachimbika hakuna krimu inayolifukia.

Dawa hizi zote zinadai wiki 8 hadi 12. Ngozi ya juu hujibadilisha kwa muda wa mwezi hivi: chembe huzaliwa chini, hupanda polepole, hufa na kupukutika, na dawa inapaswa kungoja mizunguko kama miwili au mitatu ndipo kazi yake ionekane. Harusi iko wiki ya nne. Katika pengo hilo, kati ya kalenda ya ngozi na kalenda ya ukumbi uliokwisha kulipiwa, ndimo biashara nzima ya mkorogo ilimojengwa.

Hatua ya pili: mpe muuzaji kazi ya daktari

Usiende kliniki. Kliniki watakuuliza unatumia vidonge gani vya uzazi wa mpango, kama una mimba, kama kuna mtu nyumbani anayejikuna. Nenda dukani, kwa muuzaji atakayekutazama mara moja na kusema, "Dada, wewe mbona una weupe wako, jua tu limekuficha."

Naichukia sentensi hiyo kwa sababu inamwangukia mtu aliyekuja na shida ya kweli. Utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2011 uliuliza kwa nini wanajichubua. Majibu hayakuwa ya kutaka weupe peke yake. Kulikuwa na waliotaka kuondoa chunusi na vipele, waliotaka ngozi laini, waliotaka kumpendeza mume au kuwafikia wenzao, na waliokuwa wakipaka ili kuficha madhara ya kujichubua kulikotangulia. Maana yake wapo walioingia kwenye mkorogo kama wagonjwa wa ngozi waliokosa tiba. Waliingia na kipele kimoja, wakatoka na rangi mbili.

Tuiseme hapahapa habari ya rangi, kwa kuwa muuzaji ameianzisha. Idadi ya chembe zinazotengeneza melanini ni karibu ileile kwa watu wote duniani, mweusi, mweupe au wa maji ya kunde. Tofauti iko kwenye vifuko vya melanini, ukubwa wake na jinsi vinavyotawanyika. Vya ngozi nyeusi ni vikubwa, hutawanyika kimoja kimoja, na huzuia miale ya jua kiasi kinacholingana na losheni ya kinga ya namba 13 hivi. Chini ya ngozi yako hakuna mtu mweupe aliyefichwa. Kuna ngozi yako changa, ambayo ikivuliwa kinga yake huchomwa na jua lilelile la saa sita ulilolizoea tangu utoto.

Hatua ya tatu: kubali kopo lisilo na jina

Kopo zuri kwa kazi hii ni lile ambalo muuzaji amelijaza mwenyewe nyuma ya kaunta, kwa kijiko, kutoka kwenye chupa na tyubu nne au tano. Lisiwe na lebo wala tarehe. Ukiuliza kuna nini, ujibiwe "mafuta ya karoti". Humo ndani, mara nyingi, wamo watatu.

Wa kwanza ni haidrokwinoni. Ukoo wake ulijulikana kwa ajali ya kazini. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliripoti habari ya wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama, wengi wao weusi, ambao mikono yao ilikuwa ikipoteza rangi. Sababu ilikuwa glavu za mpira walizopewa kujikinga: zilitiwa kemikali ya jamii ya haidrokwinoni ili mpira usichakae. Wafanyakazi wale walidai fidia, kwa kuwa walijiona wameumizwa. Baadaye wafanyabiashara waliichukua kemikali ya ukoo huo na kuiuza kama urembo.

Haidrokwinoni huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini. Mikononi mwa daktari, kwa miezi michache na kwa doa maalumu, ni dawa. Ikipakwa mwili mzima kwa miaka, juani, huleta okronosisi: ngozi ya mashavu na ya kuzunguka macho hubadilika kuwa ya buluu na nyeusi, yenye chembechembe za kukwaruza, na hakuna tiba ya kuaminika ya kuirudisha. Afrika Kusini ililipata janga hili kabla yetu. Ripoti za kitabibu zilitoka mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi. Tanzania, Kenya na Rwanda nazo zimeikataza, na Rwanda tangu mwishoni mwa 2018 ilituma polisi na wakaguzi kupita duka kwa duka.

Wa pili ni zebaki, na habari yake ya kusikitisha zaidi ilitokea Nairobi. Mwaka 1972 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walichapisha taarifa ya wagonjwa 60 wa figo, watu wazima waliovimba uso na miguu huku protini ikipotea kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za weupe zenye zebaki. Baadhi walipata nafuu baada ya kuacha. Taarifa hiyo ina zaidi ya miaka hamsini, iliandikwa hapa nyumbani, kuhusu watu wetu, na bado unaweza kuingia dukani leo ukauziwa sabuni yenye chumvi za zebaki. Jumuiya ya Ulaya ilikataza zebaki kwenye vipodozi vya watu wake mwaka 1976, lakini haikuzuia sabuni hizo zisisafirishwe kwenda kwa wengine mpaka mwaka 2003. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013, ulipanga vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni viondoke sokoni ifikapo 2020. Mwaka 2023, mjini Geneva, nchi wanachama zilikubaliana kufuta hata kiwango hicho kidogo.

Zebaki haikai usoni. Hupenya mpaka kwenye figo, huingia kwenye neva, humfikia mtoto aliye tumboni. Hubaki kwenye taulo na mashuka, na imewahi kupimwa kwenye mkojo wa watu wa nyumba moja na mpakaji ambao wao wenyewe hawakupaka kitu.

Wa tatu ndiye anayependwa, kwa kuwa anafanya kazi haraka: steroidi kali, hasa klobetasoli. Ndani ya siku chache vipele hulala, muwasho hukata, uso hulainika na kung'aa. Bibi harusi anaitazama sura yake kwenye kioo na kuamini. Na kweli hajadanganywa na kioo. Steroidi imebana mishipa na kuzima uvimbe. Maelekezo ya klobetasoli yanasema isipakwe usoni, isizidi wiki mbili mfululizo, wala gramu 50 kwa wiki. Mtu mzima anayejipaka mwili mzima mara moja hutumia krimu kama gramu 30. Fanya hesabu ya mtu anayepaka asubuhi na jioni, mwaka mzima, kutoka kopo lililotiwa tyubu ambazo hakuzihesabu.

Baada ya miezi ngozi hukonda mpaka mishipa inaonekana kama kamba nyekundu. Michirizi mipana hutokea mapajani na kwenye makwapa. Chunusi zilezile zilizompeleka dukani hurudi kwa wingi. Dawa ikipenya mwilini hupandisha presha na sukari, huvimbisha uso, na ikipakwa karibu na macho huweza kuleta presha ya macho na upofu. Tezi zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili hulala, kwa kuwa kazi yao imefanywa na kopo.

Mtaani watu wana msemo wa kumcheka aliyefika hapa: uso fanta, miguu kokakola. Nawaomba wauache. Vifundo vya vidole, viwiko, magoti na visigino vina ngozi nene inayokunjwa na kusuguliwa kila saa, kwa hiyo rangi yake haitoki upesi, na ndiyo maana wanawake hawa huficha mikono harusini na kuvaa soksi kwenye joto la Dar. Mtu anayeficha vidole vyake mezani hahitaji wimbo wetu. Anahitaji kuambiwa aende wapi kesho asubuhi.

Hatua ya nne: doa likizidi, zidisha dozi

Okronosisi inapoanza, mpakaji huona weusi unarudi, naye huhesabu kuwa dawa haitoshi, akaongeza. Steroidi nayo ikiachwa ghafla uso huwaka, huwa mwekundu, huvimba na kutoa majimaji, naye husadiki kuwa bila kopo lile hana uso. Hapa mwongozo wa kuharibu hauna haja ya maagizo zaidi. Kopo linajiuza lenyewe.

Kuna agizo moja tu la kuongeza, nalo ni baya kuliko yote: usimwambie daktari wa upasuaji. Akuchane kwa ajili ya uzazi bila kujua kuwa ngozi ya tumbo imekuwa nyembamba, haishiki uzi vizuri na itachelewa kupona. Muuguzi wa wodi ya wazazi anaweza kuwa ameyaona haya, na atakuuliza kwa siri. Mjibu. Hakuna siri ya urembo yenye thamani ya kidonda kilichoachia.

Hatua ya tano: tyubu moja kwa kila muwasho

Nyumba nyingi zina tyubu ya familia. Ni ile yenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na steroidi, inayouzwa bila cheti na kupakwa kwenye kila kitu: choa, upele, pumu ya ngozi, joto la mtoto.

Choa ni fangasi. Ikipakwa steroidi, muwasho hutulia na mpaka wake wa duara hufutika, huku fangasi wakitambaa chini kwa chini hadi kiunoni na usoni. Baada ya hapo hata mtaalamu hupata taabu kuitambua. Choa inataka dawa ya fangasi peke yake, kama klotrimazoli au tabinafini, kwa wiki mbili hadi nne, na usiache siku alama inapofutika. Mapunye ya kichwani kwa mtoto hayaponi kwa kupaka. Fangasi wamo ndani ya unywele, na mtoto anahitaji vidonge au dawa ya kunywa. Upele ni mdudu anayechimba chini ya ngozi, na steroidi humpa raha. Tiba yake ya siku nyingi ni ile dawa nyeupe ya BBE, na siri yake iko kwenye kupaka watu wote wa nyumba usiku mmoja, wanaojikuna na wasiojikuna, na kufua mashuka na nguo siku hiyohiyo. Pumu ya ngozi, kwa upande wake, inaihitaji steroidi kwelikweli, yenye nguvu inayofaa, kwa siku chache, pamoja na mafuta ya mgando mengi kila baada ya kuoga. Tyubu ileile inaweza kuwa dawa ya mtoto mmoja na sumu ya ndugu yake anayelala naye.

Hatua ya sita, ya wanaume

Mwambie kinyozi akwangue kabisa, wembe upite dhidi ya mkondo wa ndevu, kisha apige spiriti. Unywele wa kipilipili ukikatwa chini ya usawa wa ngozi hujikunja na kuchoma kurudi ndani, na mwili huushambulia kama mwiba. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu vinavyozaliwa, na vile vinundu vya kisogoni ambavyo kwa wengine hukua na kuwa makovu yasiyoota nywele. Vikitokea, vikwangue tena. Kinyume chake ni kumwomba kinyozi aache angalau milimita moja, kwa mashine badala ya wembe, na kuacha kabisa kunyoa kwa wiki chache ikiwa vipele vimejaa. Kisogo kikianza kuota vinundu, acha mashine namba sifuri na umwone daktari vikiwa vichache.

Wanaume pia hupaka mkorogo. Hawaiti hivyo, lakini "krimu ya kuondoa vipele" inayong'arisha shingo kwa siku tatu ina steroidi ileile.

Hatua ya saba: nunua mashine kabla ya kuuliza swali

Siku hizi mkorogo umepata dada yake aliyesoma. Anakaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, anavaa koti jeupe, anauza dripu za glutathioni za kung'arisha mwili. Ufilipino, ambako sindano hizi zilishamiri mapema, mamlaka ya dawa imekwisha kuwaonya wananchi kuhusu madhara kwenye figo, kwenye tezi ya shingo, na mzio mkali unaobabua ngozi. Kitu kinachotiwa kwenye mshipa hakina njia ya kufutwa kwa maji na pamba.

Sipingi urembo wa kitabibu. Ule unaofanywa kwa ujuzi umewarudishia watu nyuso zao, na mtu asione haya kuutafuta. Kuna maganda ya kemikali ya juujuu, ya asidi ya salisili au glaikoli, yanayofaa madoa na chunusi kwenye ngozi nyeusi; yale ya kina kirefu yanatuachia makovu. Kuna leza ya kuondoa nywele. Mwanga wa leza hufuata weusi: unautafuta unywele, na mashine isiyofaa hushindwa kutofautisha unywele mweusi na ngozi nyeusi inayouzunguka, ikaunguza vyote. Ile ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064, hupita chini zaidi na kuigusa kidogo melanini ya juu, kwa hiyo ndiyo salama zaidi kwetu kwa kuondoa nywele. Mashine za mwanga mpana zinazouzwa kwa ajili ya nyumbani hazikutengenezwa kwa ngozi hii. Hata kipimo kinachotumiwa na wataalamu, alichokibuni Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, kilianza na aina nne za ngozi za watu weupe. Zetu, ya tano na ya sita, ziliongezwa baadaye.

Kwa hiyo muulize mwenye mashine: ngozi yangu ni aina ya ngapi kwa kipimo hicho, hii ni leza gani, na utanijaribia sehemu ndogo iliyojificha kisha ningoje wiki kadhaa? Akicheka, ondoka. Akikuambia makovu yaliyovimba, yale ya keloidi, yatakatwa na kwisha, ondoka haraka zaidi, maana keloidi iliyokatwa tu bila tiba nyingine mara nyingi hurudi kubwa kuliko ilivyokuwa. Sindano za steroidi ndani ya kovu, kwa mkono wa daktari, ndizo mwanzo wake.

Basi bibi harusi afanye nini na mwezi wake?

Afanye machache. Pwani tuna liwa na singo, na somo anayejua kumkanda mwari kwa mafuta ya nazi, na hivyo vinatosha kuipa ngozi nzima ulaini na harufu. Asijipake kitu kipya ndani ya wiki mbili za mwisho, hata cha gharama. Uso auoshe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini na vidole, bila dodoki. Madoa ya mashavu yanayotokana na mimba au vidonge vya uzazi yanachochewa na jua, na pia na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, kwa hiyo losheni ya kukinga jua yenye rangi ya udongo, ile iliyotiwa oksidi ya chuma, humfaa kuliko ile nyeupe inayomwachia vumbi usoni. Kipimo ni mistari miwili ya vidole kwa uso na shingo. Wa kumremba, amtafute msanii mwenye poda ya rangi yake halisi. Chunusi tatu za shavuni zitafichwa na poda kwa saa sita za ukumbi, na tiba itaendelea kimyakimya mpaka baada ya fungate.

Na ajue kuwa wataalamu wapo. KCMC ya Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wahitimu wake wamesambaa katika nchi nyingi za Afrika. Pale pia hutengenezwa losheni ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino. Ninalitaja hilo kwa sababu lina uchungu wake: katika mji uleule yupo mtu aliyezaliwa na upungufu wa melanini, anayelindwa dhidi ya saratani kwa losheni na kofia pana, na yupo mtu anayelipa pesa aivue yake.

Sasa wewe uliyekwisha kuanza. Sabuni au krimu ambayo lebo yake inataja zebaki, kwa jina lolote kama merkuri au kalomeli, iache leo. Kopo la mkorogo lisilojulikana yaliyomo, hasa kama umelipaka mwili mzima kwa miezi, usiliache peke yako kwa ghafla, kwa sababu steroidi ikikatwa mara moja inaweza kukuletea uchovu mkali, kutapika na kuzimia. Nenda hospitali wiki hii, upunguziwe kwa utaratibu. Uso utakuwa mbaya kabla haujawa mzuri. Daktari atakupa cha kutuliza, na wiki za mwanzo ndizo ngumu. Omba kupimwa presha, sukari, na protini kwenye mkojo, kipimo rahisi ambacho hata vituo vya afya wanacho. Kama una mimba au umepangiwa upasuaji, sema unachopaka kabla hujaulizwa. Makopo usiyatupe: yafunge kwenye mfuko wa plastiki, andika juu yake ulianza lini na unapaka mara ngapi, uende nayo. Taulo na mashuka uliyotumia yafue peke yake, na kama umekuwa ukilala kitanda kimoja na mwanao, mchukue naye akapimwe mkojo.